Mstari Mwekundu wa Kipimo cha Malaria

Wengi wetu tumewahi kupimwa malaria kwa kipimo cha haraka: tone la damu kutoka kidoleni, kisha kungojea mistari. Je, mmepata kujiuliza wekundu wa mistari ile unatoka wapi? Si wino wala si damu. Katika vipimo vingi ni dhahabu.

Dhahabu ikigawanywa kuwa chembe ndogo mno huacha kuwa ya manjano. Chembe ya nanomita 40 ni ndogo hivi kwamba zikipangwa 25,000 ndipo hutimia milimita 1. Chembe hizo humeza mwanga wa kijani, nasi tunaona wekundu. Mwaka 1857, jijini London, mwanasayansi Michael Faraday alieleza habari za maji mekundu ya dhahabu, na jinsi chumvi inavyoyageuza kuwa ya buluu. Leo tunajua sababu: chumvi hufanya chembe zishikamane. Kwa hiyo, katika vipimo, chembe huvikwa koti la protini ili zisishikamane ovyo.

Koti hilo lina kingamwili zinazonasa protini ya vimelea vya malaria. Damu na dawa ya maji husafiri katika ukanda mwembamba, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na kuzibeba chembe. Zilizonasa protini ya vimelea hukwama kwenye mstari wa T. Nyingine huendelea hadi mstari wa C. Zikikusanyika, wekundu huonekana.

Basi tuzingatie haya:

1. Mstari wa T ukiwa hafifu, bado ni mstari. Vimelea vimegunduliwa.

2. Mstari wa C usipotokea, kipimo hakifai. Mgonjwa apimwe kwa kingine.

3. Majibu yasomwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye maelezo, si kabla wala baadaye sana.

4. Vipimo vingi hutafuta protini iitwayo HRP2, ambayo huweza kubaki damuni wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Mwambieni mhudumu kama mgonjwa alitibiwa malaria karibuni.

5. Malaria isipoonekana na homa ikaendelea, mrudisheni mgonjwa zahanati. Homa ya mtoto yaweza kuwa nimonia, na dawa ya malaria haitibu nimonia.

Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani hushauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Tusimeze dawa kwa kubahatisha.