Eliya Alipochoka

Andiko: 1 Wafalme 19:1–18



Binti yangu anasomea uuguzi, mwaka wa tatu. Anatoka hapa Umoja saa kumi na moja alfajiri kushika matatu ya kwenda wodini. Akirudi jioni anasoma hadi usiku wa manane. Alipoacha kwaya nilimkemea: "Umepoa kiroho. Njoo kesha Ijumaa." Akasema, "Baba, hata kulia siwezi tena. Mgonjwa akifa naandika tu kwa faili."

Nilinyamaza. Nikarudi kumsoma Eliya.

1. Kuchoka si dhambi. Eliya alikuwa ametoka kushinda Karmeli. Jezebeli akatisha kumuua, akakimbia, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakumkemea. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi kwa dalili 3: nguvu kuisha, moyo kuwa mbali na kazi, na kuona huwezi tena kuifanya vizuri. Binti yangu alikuwa ananitajia dalili, mimi nasikia uasi.

2. Mungu alianza na mwili. Eliya alilala, akaamshwa ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akalishwa mara ya 2. Mazungumzo yalikuja baadaye, Horebu. Sisi huanza na mahubiri.

3. Safari ni ndefu, haiendwi peke yako. Malaika mwenyewe alikiri safari imemzidi Eliya. Hapa Kenya shahada ya udaktari ni miaka 6, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini hospitalini. Tunachanga harambee ya karo, halafu mtoto anaona haya kusema amechoka, maana mtaa mzima unamngoja "daktari wetu." Eliya alidhani amebaki pekee, Mungu akamwonyesha 7,000, akampa na Elisha.

Ijumaa hiyo binti hakuja kesha. Mama yake alimpikia, akalala hadi Jumamosi mchana. Jioni nilimwomba msamaha, tukaongea. Bado anapambana, lakini sasa anaongea.

Wiki hii: Mtafute mwanafunzi mmoja. Muulize amelala saa ngapi, amekula nini, kabla ya kumuuliza kama ameomba. Akisema afadhali kufa, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali, au mpige 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure.

Ombi: Bwana, tufundishe kubeba mkate kabla ya lawama. Amina.