Kitanzi cha Waya Ndani ya Mashine ya MRI: Kukokotoa Volti na Kuzuia Majeraha ya Moto

Mgonjwa anayelazwa katika mashine ya MRI huambiwa asikunje mikono wala kukutanisha viganja. Mhudumu huweka kitambaa au mto mwembamba kati ya mapaja yake, na hunyoosha kila waya wa kupimia mapigo ya moyo. Mara nyingi mgonjwa haelezwi sababu, na wapo wahudumu wanaoyafanya hayo kwa mazoea tu. Sababu yenyewe ni sheria moja ya fizikia, na atakayeweza kuikokotoa hataona tena kuwa kitanzi cha waya ni jambo dogo.

Sheria yenyewe

Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday aligundua kwamba sumaku iliyotulia karibu na waya haizalishi umeme, bali umeme huzalishwa pale sumaku inapobadilika. Kiasi cha sumaku kinachopita ndani ya kitanzi huitwa fluksi, nayo hupatikana kwa kuzidisha nguvu ya uga wa sumaku kwa eneo la kitanzi, iwapo uga unakipenya kitanzi wima. Uga hupimwa kwa tesla, eneo kwa mita za mraba, na fluksi kwa weba. Volti inayozalishwa ni hii:

Volti = idadi ya mizunguko × (badiliko la fluksi ÷ muda wa badiliko)

Katika vitabu alama ya kutoa huwekwa mbele ya kanuni hii. Alama hiyo huonyesha kwamba mkondo unaozalishwa hupinga badiliko lililousababisha. Kwa ukokotoaji wa usalama, ukubwa pekee unatosha.

Aina tatu za uga katika chumba kimoja

Mashine ya MRI ina uga wa aina tatu. Uga mkuu ni mkubwa sana lakini haubadiliki. Uga wa pili huwashwa na kuzimwa haraka ili kutambua picha inatoka sehemu gani ya mwili, na ndio unaosababisha mlio mkali wa kugonga. Uga wa tatu ni wa mawimbi ya redio. Huo ni mdogo mno, ila hubadilika kwa kasi kubwa.

Chukua waya uliofanya kitanzi kimoja cha duara chenye nusu kipenyo cha sentimita 10, yaani mita 0.1. Eneo lake ni 3.14 × 0.1 × 0.1 = mita za mraba 0.0314.

*Mfano wa kwanza: uga mkuu.* Kitanda kinaingizwa polepole katika mashine ya tesla 1.5 kwa sekunde 10. Fluksi inaongezeka kutoka karibu sifuri hadi 1.5 × 0.0314 = weba 0.0471. Volti ni 0.0471 ÷ 10 = 0.00471, yaani chini ya milivolti 5. Kitanda kikisimama, volti hurudi sifuri, ingawa mgonjwa bado yumo ndani ya sumaku kubwa.

*Mfano wa pili: uga unaowashwa na kuzimwa.* Ikiwa uga huu unabadilika kwa tesla 40 kwa sekunde mahali kitanzi kilipo, volti ni 40 × 0.0314 = 1.26. Waya ukizungushwa mara tatu, volti hufikia 3.77. Mabadiliko ya aina hii ndiyo huwafanya baadhi ya wagonjwa wahisi misuli ikicheza.

*Mfano wa tatu: mawimbi ya redio.* Katika mashine ya tesla 1.5, mawimbi hutetemeka takribani mara milioni 64 kwa sekunde. Chukua uga wenye kilele cha tesla 0.000005, ambao ni mdogo kuliko uga wa sumaku wa dunia. Kasi yake ya juu ya kubadilika ni 2 × 3.14 × 64,000,000 × 0.000005, sawa na takribani tesla 2,010 kwa sekunde. Volti katika kitanzi kilekile ni 2,010 × 0.0314, yaani takribani 63.

Hapa ndipo penye somo. Uga ulio dogo kuliko yote ndio uliozalisha volti kubwa kuliko zote, kwa kuwa kinachohesabiwa ni kasi ya badiliko. Hesabu hii ni makadirio. Urefu wa waya na mahali ulipolazwa huweza kuongeza joto zaidi, hasa kwenye ncha zake.

Kutoka volti hadi jeraha

Volti husukuma mkondo, nao mkondo huzalisha joto pale penye ukinzani. Mwili nao hupitisha umeme: viganja vikikutana, au mapaja yakigusana, kitanzi kimekamilika bila waya wowote. Mkondo ulioenea mwilini hukusanyika katika sehemu ndogo ya ngozi inayogusana, na ngozi hiyo huungua.

Kwa hiyo mhudumu aondoe kila waya usiohitajika. Waya ambao haukuunganishwa na kifaa chochote bado unaweza kupata joto, hivyo utolewe kabisa. Unaobaki uwe umeidhinishwa kwa MRI, unyooshwe bila kuviringwa wala kupishana, na utenganishwe na ngozi kwa kitambaa kikavu. Mwili pia usiguse ukuta wa mashine. Mtoto mchanga, mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi na asiye na fahamu hawawezi kusema wanaungua. Hao wakaguliwe kwa uangalifu zaidi.

Mgonjwa naye avue mapambo na nguo zenye nyuzi za metali, na aseme kama amebandikwa dawa kwenye ngozi, kwa kuwa baadhi ya vibandiko vina metali ndani. Akihisi joto mahali pamoja au kuchomwa, abonyeze kengele mara moja. Asivumilie kwa kuogopa kuharibu picha, kwani picha huweza kurudiwa.

Sheria hii si adui. Ishara hafifu zinazotoka mwilini hunaswa na koili ya kupokea kwa njia ileile ya fluksi inayobadilika, na kutokana nazo picha hutengenezwa. Bila sheria ya Faraday, MRI isingekuwapo.

Maswali ya kujipima

1. Mikono iliyokutana imefanya kitanzi cha mita za mraba 0.06. Uga wa redio unabadilika kwa tesla 2,010 kwa sekunde. Volti ni ngapi?
2. Nusu kipenyo cha kitanzi katika mfano wa tatu kikipunguzwa hadi sentimita 5, volti itakuwa ngapi?

*Majibu:* (1) 2,010 × 0.06 = takribani 121. (2) Eneo hupungua hadi robo, hivyo volti ni takribani 16. Waya ulionyooka kabisa hauna eneo la kuzingira, na ndiyo maana hunyooshwa.