Karamu ya beni na deni lake

Swali: Marehemu nyanya alikuwa akisema ngoma za beni zilifilisi watu Mombasa. Ngoma yamfilisije mtu?

Jibu: Nyanya hakutia chumvi. Beni ilizuka pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikiiga gwaride na bendi za Wazungu, na haikunoga bila mpinzani. Mombasa vilikuwapo vyama vya Kingi na Skochi. Tanganyika, Marini na Arinoti. Gharama ilikuwa kushindana: wenzenu wakichinja ng'ombe wawili, nanyi mtachinja watatu, wakija na sare mpya, zenu za Idi iliyopita zishakuwa matambara. Vyama viligawa vyeo vya kijeshi, na jenerali asiyetoa kitu angechekwa mtaa mzima. Hapo watu wakakopa, wengine wakaweka mali rehani. Akina mama wa lelemama, ngoma ya wanawake, nao hawakubaki nyuma, wakauza hata vipuli vya dhahabu.

Kwa maoni yangu aliyeumia zaidi ni mshindi, maana karamu yake ndiyo aliyotakiwa kuipita msimu uliofuata. Aliyeshindwa angalau angeweza kujitetea kwa umaskini, kama angethubutu kulitamka neno hilo mbele ya mahasimu wake.