Kilo Tatu kwa Siku Tatu: Zimekwenda Wapi?



Ndugu na dada, tukirudi Mbarara baada ya likizo, hakosekani mwenzetu aliyebeba kifuko cha majani makavu. "Hii inakata mafuta," atasema, "kilo tatu kwa siku tatu." Katika darsa hii tuipime ahadi hiyo.

Hesabu kwanza

Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Mtu mzima hutumia kama kalori 2,000 hadi 2,500 kwa siku. Basi hata usipotia kitu mdomoni, kilo moja ya mafuta itakuchukua siku tatu au zaidi. Hizo kilo tatu, kwa hiyo, haziwezi kuwa mafuta. Ni nini? Maji na choo.

Chai nyingi za kupunguza unene hutiwa sanamaki. Sanamaki husukuma utumbo mpana, ilhali chakula kimekwisha kufyonzwa katika utumbo mwembamba. Mafuta hubaki palepale, na unachopoteza ni maji pamoja na chumvi ya potasiamu ambayo moyo unaihitaji. Ukinywa maji, uzito unarudi. Ukiitumia kila siku kwa muda mrefu, unajidhuru.

Mimea yenye faida

Hatusemi mitishamba ni uongo. Uwatu una nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu. Habasoda imejaribiwa kwa watu, na wastani wa uzito uliopungua ni kama kilo moja au mbili, tena kwa wiki nyingi. Omubirizi, mti mchungu unaojulikana sana Ankole, umeshusha sukari hasa katika majaribio ya panya.

Hata metformini, kidonge cha kisukari, asili yake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis. Daktari Jean Sterne wa Ufaransa alitangaza matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Mmea ule ulipata nafasi hospitalini kwa kupimwa: kipimo gani, kwa nani, kwa madhara gani. Kazi ya aina hiyo inafanyika hapa kwetu pia. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kina kituo cha utafiti wa tiba asili.

Mama yuko Nakivale

Tuseme mama yako anaishi Nakivale na ana kisukari. Jirani amemletea uwatu na kumwambia aache vidonge. Akiviacha, sukari inaweza kupanda kimyakimya mpaka ikaharibu macho na figo. Akichanganya vyote bila kupima, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Usimdharau wala usimkaripie. Mwambie: "Mama, tusiache kidonge. Twende na uwatu wako kituo cha afya, tumwonyeshe daktari, tupime sukari kabla na baada."

Dini yetu inasemaje?

Mtume (s.a.w.) ameisifu habasoda, nasi tunaamini. Lakini pia ametuamuru tujitibu, na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi ametufundisha kuligawa tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Katika Al-A'raf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu anatuhalalishia kula na kunywa, na anatukataza israfu. Mwenye kula chapati ya mayai mbili usiku na soda juu yake, kisha akategemea kijiko cha habasoda, ameshika sunna moja na kuiacha nyingine.

Mwili ni amana. Mwuza dawa asiyetaja kilichomo kifukoni, usimkabidhi amana hiyo.

Maswali ya darsa

1. Kwa nini sanamaki haiwezi kupunguza mafuta?
2. Utamuuliza mwuza mitishamba maswali gani matatu kabla ya kununua?
3. Nani nyumbani kwenu anatumia mitishamba pamoja na dawa za hospitali? Je, daktari wake anajua?

Swali la tatu usilijibu darasani. Piga simu nyumbani leo.

Wabillahi tawfiq.