UA WA MALISHO NA UJIRANI MWEMA

Wengi wetu twaweza kueleza ng'ombe hula nini na huugua nini, lakini ni wachache wawezao kueleza jinsi ua wa malisho unavyojengwa na kutunzwa. Mimi nilijifunza jambo hili kwa aibu wakati wa likizo, nyumbani kwetu wilayani Muleba, na sipendi mwenzangu apatwe na aibu kama hiyo.

Kila mtu wa Bukoba na Muleba ajua kuwa kibanja hakistawi bila samadi. Udongo wa rweya una rutuba haba, kwa sababu mvua nyingi huosha chakula cha mimea. Kwa hiyo wazee walichunga ng'ombe rweya mchana, wakawarudisha nyumbani jioni, na samadi yao ikalisha migomba na mibuni. Lakini ng'ombe huyo huyo aweza kuharibu kwa asubuhi moja kazi ya miezi mingi. Mpaka wetu ni omuramula, na watu wauheshimu. Ng'ombe hajui kuusoma. Ndipo ua unapohitajiwa.

Baba alipopata mtamba wa maziwa, tulitenga sehemu ya rweya yetu. Kwanza tuliwaita majirani tukapima pamoja nao, maana ua uliojengwa kabla ya kupatana mpaka ni mwanzo wa kesi. Pili, tulifanya hesabu. Malisho ya mraba yenye mita 100 kila upande ni hekta moja, na mzunguko wake ni mita 400. Malisho ya mita 200 kwa 50 ni hekta moja vile vile, lakini mzunguko wake ni mita 500. Kwa nyuzi nne za seng'enge, ya kwanza yataka mita 1,600 na ya pili mita 2,000. Nguzo zikisimikwa kila baada ya mita 4, ni nguzo 100 kwa 125. Basi, ajuaye hesabu huokoa mita 400 za waya na nguzo 25, wala malisho hayapungui.

Nguvu ya ua imo katika nguzo za pembeni, kwani ndizo zivutwazo na waya wote. Hizo tulizichimbia kiasi cha mita moja, tukaziwekea miti ya kuegemeza. Nguzo za katikati zilitosha sentimita 60. Udongo hurudishwa kidogo kidogo, na kila tabaka hushindiliwa kwa mti. Tulichagua mshambya kwa sababu hustahimili mchwa. Mkaratusi usiotiwa dawa huoza upesi katika unyevu wa kwetu. Seng'enge hufungwa upande wa ndani, ili ng'ombe akiusukuma waya uegemee nguzo, badala ya kung'oa misumari. Tena ile misumari ya ncha mbili isigongwe mpaka mwisho, ili waya upate kuteleza unapokazwa.

Asiye na fedha ya seng'enge asikate tamaa. Mnyaa hufanya ua mzuri wa miti hai, ila utomvu wake ni hatari kwa macho, na aukataye sharti ajihadhari. Hata ule mti ambao zamani gome lake lilifanywa nguo huota kutokana na kigingi, nao hugeuka nguzo isiyooza.

Kazi ya kutunza ni kubwa kuliko ya kujenga. Kabla ya kiangazi cha Juni hadi Agosti yafaa kufyeka njia ya moto kuuzunguka ua, maana moto wa rweya huunguza nguzo na kuharibu zinki ya waya, kisha kutu huingia. Kadhalika, ua huzuia ng'ombe wageni wasilete kupe wa ndigana kali, lakini hauondoi kazi ya kuogesha.

Kazi yangu katika likizo ile ilikuwa kuuzunguka ua kila asubuhi. Siku moja niliona msumari umetoka na waya wa chini umelegea, karibu na kijito. Mvua ilikuwa ikinyesha, nikasema moyoni, "Nitatengeneza kesho." Siku ya pili mtamba alikutwa katika kibanja cha jirani yetu, bibi mjane. Alikuwa amekula maharagwe yake yote na kuvunja machipukizi ya migomba.

Baba hakunipiga. Aliniambia, "Nenda ukamweleze mwenyewe." Nikaenda, nikamwamkia, nikamwambia kwamba niliuona waya nikaupita. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, ng'ombe hana kosa. Maharagwe yale ndiyo chakula changu mpaka mavuno mengine." Tulimpa maharagwe kutoka ghala letu, nami nikampandia machipukizi mengine kwa mikono yangu. Lakini maneno yake hayajanitoka.

Msumari ule ungalichukua dakika tano tu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza: ua mbovu haumdhuru mwenye ng'ombe kwanza, humdhuru jirani. Basi, ndugu zangu, mwendapo likizo, chukueni nyundo, mkauzunguke ua wa nyumbani kwenu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu