ADUI ALIYE NDANI YA BUA LA MAHINDI

Mkulima aingiapo shambani mwake na kuona kwamba jani changa la katikati ya mche limenyauka, huku majani mengine yangali mabichi, huenda akadhani kwamba jua ndilo lililoliunguza. Lakini akilivuta jani hilo kwa vidole viwili, litang'oka bila nguvu, na mwisho wake utakuwa umeoza. Mche huo hautazaa. Aliyeuharibu ni funza wa mabua, naye yumo ndani.

Yafaa kila mkulima ajue maisha ya mdudu huyu, kwa maana apigaye asipomwona adui huchosha mkono wake bure.

MAISHA YA FUNZA

Funza huyu ni mtoto wa nondo, yaani kipepeo arukaye usiku. Katika Kenya wako wa namna mbili walio waharibifu zaidi. Wa kwanza, ambaye wataalamu humwita Busseola fusca, ni mwenyeji wa Afrika, naye hupenda nchi za juu zenye baridi. Wa pili, Chilo partellus, asili yake ni Asia. Alionekana Malawi katika miaka ya 1930, kisha akaenea katika nchi za joto hata pwani.

Nondo jike hutaga mayai kwa mafungu juu ya jani, au nyuma yake mahali linaposhikamana na bua. Baada ya juma moja hivi mayai huanguliwa, na vifunza hupanda mpaka katikati ya mche, palipo na majani machanga yaliyojikunja. Hapo hula kwa siku kadhaa. Majani hayo yakunjukapo huonekana yana vitundu vilivyopangana kwa safu. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, nayo ndiyo nafasi ya mkulima. Baadaye funza hutoboa bua na kuingia ndani, na tangu siku hiyo dawa inyunyizwayo juu ya majani haimfikii.

Wako watu waonao jani lililonyauka, wakatoa fedha za karo ya watoto, wakanunua dawa na kunyunyiza shamba zima. Kumbe funza amelala salama, na waliokufa ni nyigu wadogo walio rafiki wa mkulima. Mmoja wao ni Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Pakistan na kuachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993. Nyigu huyu humfuata funza hata ndani ya bua, akataga mayai mwilini mwake, na watoto wake wakamla.

KAZI YA MKULIMA

Kwanza, baada ya mavuno, mabua yasiachwe yamesimama shambani. Wakati wa kiangazi funza hulala humo, akingojea mvua ili atoke akiwa nondo. Mabua na wapewe ng'ombe, au yafukiwe, au yalazwe juani mpaka yakauke kabisa.

Pili, mahindi yapandwe mvua zianzapo, na majirani wapande pamoja. Shamba lililochelewa huwa karamu ya nondo waliozaliwa katika mashamba ya kwanza.

Tatu, mkulima akague miche mara kwa mara tangu ingali midogo. Akiona vitundu katika miche mingi, ndipo amwulize Bwana Shamba habari za dawa ifaayo, ikatiwa kidogo katikati ya mche kabla funza hajaingia katika bua.

VUTA-SUKUMA

Tangu mwaka 1997, wakulima wa magharibi mwa Kenya wamefundishwa njia iitwayo vuta-sukuma, iliyotokana na kazi ya wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Kati ya safu za mahindi hupandwa desmodiamu, mmea utambaao wa jamii ya kunde, ambao harufu yake humfukuza nondo. Kulizunguka shamba hupandwa safu tatu za mabingobingo, yale majani ambayo wafugaji huyaita Napier. Harufu yake humvuta nondo akatage huko. Vifunza vinapotoboa mabingobingo hunaswa na utomvu wake unaonata, na vingi hufa.

Tena mizizi ya desmodiamu huzuia kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linyonyalo mahindi, na huongeza rutuba ya udongo. Mimea yote miwili ni chakula kizuri cha ng'ombe. Lakini desmodiamu hukua polepole mwanzoni, nayo hutaka palizi ya uangalifu mwaka wa kwanza.

Hapana moja katika haya litoshalo peke yake. Nondo naye hajui mpaka wa shamba: mabua aliyoyaacha mtu mmoja yamesimama ndiyo yatakayotia njaa katika ghala la jirani yake. Kwa hiyo kazi hii si ya mkulima mmoja, bali ya kijiji kizima, nayo huanza siku ile ile mavuno yanapokwisha.