Betri Imelala: Tununue Chaja Ipi?

Ni saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Agosti. Kikuyu, mjini Dodoma, kuna baridi. Pikapu imelala nje ya nyumba ya dereva. Imepakia makreti ya zabibu kutoka mashamba ya Mpunguzi. Dereva anaingia na kuzungusha ufunguo. Gari linasema "tik". Anazungusha tena. "Tik, tik." Taa ya ndani inafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Jana usiku alisahau kuzima taa. Sasa betri imelala.

Wenye zabibu wamesimama kando, wamejikunyata. Jua likipanda, zabibu zitaanza kulainika. Mnunuzi naye hatangoja.

"Tusukume," anasema kijana mmoja.

Haiwezekani. Gari hili ni la gia zinazojibadilisha zenyewe. Gari la namna hiyo haliwaki kwa kusukumwa. Zamani magari mengi yalikuwa na gia za mkono, na vijana wanne wenye nguvu walitosha kabisa. Siku hizi nguvu za vijana hazisaidii kila gari.

Kijana mwingine anafungua boneti. Ndani kuna giza. Anatoa kiberiti ili aone maji ya betri. Mzee mmoja anapaza sauti.

"Mwanangu, acha! Rudisha hicho kiberiti mfukoni!"

"Shikamoo mzee. Nilitaka kuangalia maji tu."

"Marahaba. Maji utayaona kukicha. Jicho haliuzwi sokoni Majengo."

Mzee amesema kweli. Tutaona sababu yake mbele kidogo.

Linapita lori kubwa. Dereva wake ni mtu mwema. Anasimama na kutoa nyaya nene, nyekundu na nyeusi. Anataka kuunganisha betri za lori lake na betri ya pikapu. Lakini mama mmoja mwenye zabibu, ambaye amejifunza kusoma ukubwani, anainama na kusoma kibandiko cha betri ya pikapu. Kimeandikwa 12V. Kisha anamwuliza dereva, "Baba, na lori lako ni volti ngapi?"

"Ishirini na nne," anajibu dereva. Anatazama nyaya zake. Anazikunja na kuzirudisha.

Mama yule ameokoa gari. Umeme wa volti 24 ukiingia katika gari la volti 12, huweza kuunguza vifaa vya umeme vya gari hilo, na betri yenyewe huweza kupasuka. Tarakimu mbili na herufi moja tu zilitosha.

Baadaye ilikuja teksi ya volti 12, na pikapu ikawaka. Zabibu zilifika zimechelewa, na bei ilishuka. Jioni ile wenye zabibu walikaa na dereva. Walikubaliana kuchanga fedha wanunue kifaa cha kuwasaidia siku nyingine. Walipofika dukani mjini walionyeshwa vifaa viwili. Kimoja kilikuwa kizito, chenye waya wa kuchomeka ukutani. Cha pili kilikuwa kidogo, cha kushika kiganjani, na muuzaji alikisifu sana. Wanunue kipi?

UMEME NDANI YA BETRI

Ndugu msomaji, tulinganishe betri na pipa la maji. Watu wa Dodoma tunayajua mapipa.

Pipa likiwekwa juu ya mnara, maji hushuka kwa nguvu. Nguvu hiyo ya kusukuma ni kama volti. Wingi wa maji yanayopita katika bomba kwa wakati mmoja ni kama ampea. Na ukubwa wa pipa lenyewe, yaani linabeba maji kiasi gani, ndiyo namba inayoandikwa na herufi Ah.

Betri ya gari dogo au pikapu huwa na vyumba 6. Kila chumba hutoa kiasi cha volti 2. Ndiyo maana zote pamoja ni 12. Ndani ya vyumba kuna mabamba ya risasi yaliyozama katika maji makali ya tindikali. Betri ya namna hii ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Kwa muda mrefu magari hayakuitegemea ili kuwaka. Dereva alizungusha chuma kwa mkono mbele ya injini, na chuma hicho kilivunja mikono ya wengi. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, na tangu hapo betri ikawa roho ya gari.

Tuseme betri yako imeandikwa 12V 70Ah. Taa kubwa mbili za mbele hula kiasi cha ampea 9. Gawa 70 kwa 9. Utapata saa 7 na kitu. Basi taa zikiachwa tangu saa tatu usiku, alfajiri pipa ni kavu.

Stata ni mlaji wa namna nyingine. Hula sekunde chache tu, lakini kwa pupa. Huvuta ampea 100 hadi 200 kwa mara moja, na injini ya dizeli huvuta zaidi. Kwa hiyo betri inaweza kuwasha redio vizuri na bado ishindwe kuwasha gari.

Joto huila betri polepole, maana hukausha maji yake na kuozesha mabamba. Baridi ya asubuhi huifanya iliyochoka ionekane. Katika nyanda zetu betri huumia mwezi wa Oktoba na Novemba, lakini msiba hutangazwa Julai.

CHAJA NA KIAMSHA GARI

Vifaa vile viwili vya dukani havifanyi kazi moja. Watu wengi hununua kimoja wakidhani wamepata vyote.

Kile kizito ni chaja. Huchukua umeme wa ukutani, ambao hapa Tanzania ni volti 230, na kuushusha mpaka kiasi cha volti 14. Kisha huujaza katika betri taratibu kwa saa nyingi. Bila umeme wa TANESCO, jenereta au sola yenye mashine ya kugeuza umeme, chaja hii ni jiwe.

Kile kidogo tukiite kiamsha gari. Mafundi wengine husema busta. Ndani yake mna betri ndogo ya lithiamu, jamaa ya betri ya simu. Kazi yake ni kuisukuma stata kwa sekunde chache ili injini iwake. Hakijazi betri.

Hapa tufanye hesabu, kwa sababu boksi la kifaa hiki linaweza kukudanganya bila kusema uongo. Limeandikwa 12,000mAh. Namba ni kubwa, inatisha. Lakini mAh 1,000 ni Ah 1 tu. Kwa hiyo 12,000mAh ni 12Ah. Tena hizo ni za volti 3.7, si za volti 12. Zidisha 12 kwa 3.7, utapata kiasi cha 44. Sasa chukua betri ya pikapu: 70 mara 12 ni 840. Gawa 840 kwa 44. Utapata 19.

Yaani ungehitaji viamsha gari 19 ili kuijaza betri moja. Betri ya gari ni pipa la lita 200, na kile kifaa ni ndoo ya lita 10. Ndoo moja inatosha kunawa uso na kuanza safari. Pipa haiwezi kulijaza.

Namba nyingine ya kuangalia kwa makini ni ile kubwa ya ampea, kama 1500A au 2000A, iliyopigwa chapa mbele ya boksi. Hiyo ni nguvu ya kufumba na kufumbua. Tafuta ubavuni maandishi madogo yanayosema kifaa kinafaa injini ya lita ngapi ya petroli, na lita ngapi ya dizeli. Namba ya dizeli huwa ndogo. Pikapu ya dizeli yenye sisi 3,000 ni ya lita 3. Boksi likisema dizeli mwisho lita 2, kiache hapo, hata muuzaji aape.

KUCHAGUA CHAJA

Anza na betri yako, si na duka. Nenda na kipande cha karatasi ulichoandika maneno ya kibandiko.

Kwanza volti. Chaja iwe ya volti 12 kwa betri ya volti 12. Chaja nyingine zina swichi ya 12 na 24. Hizo ni nzuri kwa gereji. Kwa watu wenye gari moja naona ni hatari tu, maana siku moja mtoto ataigusa swichi.

Pili ampea. Kanuni ya mafundi ni sehemu moja ya kumi ya Ah. Betri ya 70Ah inapenda chaja ya ampea 7 hivi. Kama betri ni tupu, itachukua saa 10, pamoja na saa mbili za nyongeza, kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani. Chaja ya ampea 2 itachukua siku moja na nusu na zaidi, lakini haitaiumiza betri. Chaja ya ampea 30 itaimaliza kazi upesi na kuipika betri.

Tatu, na hili mimi naliweka mbele ya bei, chaja iwe inajipunguza yenyewe betri ikijaa. Chaja za zamani hazijui kusimama. Ukilala, maji ya betri yanachemka mpaka asubuhi. Chaja inayojipunguza inaweza kuachwa usiku, mahali penye hewa.

Betri nyingine zimefungwa juu, hazina vifuniko vya kuongezea maji. Soma kama chaja inazikubali hizo pia. Zile zenye vifuniko huongezwa maji safi ya betri yanayouzwa dukani. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi, nayo ya Dodoma tunayajua kwa ladha.

KWA NINI MZEE ALIPIGA KELELE

Betri inapojazwa, na hata inapotumika kwa nguvu, hutoa hewa iitwayo haidrojeni. Haionekani wala hainuki. Cheche moja tu huilipua. Hapo betri hupasuka na tindikali huruka usoni. Usiwashe kiberiti wala sigara karibu nayo. Tumia tochi. Usichaji betri katika chumba cha kulala.

Kwa sababu hiyo mpangilio wa kuunganisha si adabu ya mafundi tu. Ukitumia chaja, banika kwanza kibanio chekundu kwenye alama ya kujumlisha (+), kisha cheusi kwenye alama ya kutoa (−). Ndipo uchomeke ukutani. Ukimaliza, anza kuzima ukutani. Ukitumia nyaya za gari jingine, kibanio cheusi cha mwisho kibanike kwenye chuma cha injini ya gari lililolala, mbali na betri, ili cheche ikitoka itokee huko.

Kiamsha gari nacho hubanikwa kikiwa kimezimwa, nyekundu kwanza. Kisha kiwashe. Zungusha ufunguo kwa sekunde zisizozidi 5. Gari likikataa, ngoja nusu dakika au zaidi. Usikiache ndani ya gari lililosimama juani, maana lithiamu haipatani na joto.

Tindikali ikiingia jichoni, osha mara moja kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, halafu nenda hospitali. Usingoje dawa ya mtu.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Wakati mwingine betri haina kosa. Tazama vichwa vyake viwili. Vikiwa vimeota unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti. Vioshe kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi kidogo, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri, kisha ukaze.

Mwombe fundi apime kwa mita, gari likiwa limepumzika saa kadhaa. Ikisoma 12.6, betri imejaa. Ikisoma 12.2, iko nusu. Chini ya 12, imelala. Kisha apime injini ikiwa inawaka. Mita isome kiasi cha 14. Ikibaki 12, mkanda au alteneta ndiyo mgonjwa, na chaja mpya haitamtibu.

Tena betri iliyoachwa tupu kwa wiki nyingi huota chumvi ngumu ndani, na huenda isifufuke kwa chaja yoyote. Ikifa, usiipasue nyumbani kutafuta risasi. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, watu wengi walidhurika kwa sumu ya risasi kutoka kiwanda jirani kilichoyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia. Irudishe kwa muuza betri.

Wale wenye zabibu walinunua chaja ya volti 12, ampea 7, inayojipunguza yenyewe, na jozi moja ya nyaya nene. Kiamsha gari walikiacha dukani. Pikapu yao hulala Kikuyu, penye umeme na majirani wenye magari. Dereva anayelala peke yake porini angechagua kingine, naye angekuwa na haki.

MASWALI

1. Betri imeandikwa 12V 50Ah. Inafaa chaja ya ampea ngapi?

2. Kwa nini mama alimwuliza dereva wa lori swali lile?

3. Kifaa kimeandikwa 20,000mAh. Hizo ni Ah ngapi?

4. Nendeni kwenye gari, trekta au sola iliyo karibu na darasa. Someni kibandiko cha betri yake na kukiandika ubaoni.